Maisha ya John Akii-Bua, na Mipaka ya Ulimi wa Mshindi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya, ndugu wasomaji, mara hii tumeonelea tuwaletee khabari za mtu ambaye si katika wanavyuoni wala si katika watawala, bali ni mkimbiaji wa mbio. Sababu ya kumleta tutaieleza kwanza, asije mtu akadhani kuwa tumeiacha kazi yetu tukaingia katika mambo ya mchezo.

Katika safari yetu ya bara tulipita Wang'uru, mji ulio katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea, katika njia ya kwendea Embu. Mchele wa pishori tupikao majumbani mwetu siku za Ijumaa na za harusi mwingi wake watoka huko. Lakini ni wachache katika sisi wajuao ya kuwa mifereji iunyweshayo mpunga ule ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliofungwa na serikali ya Kiingereza wakati wa Hali ya Hatari, na wengi wao hawakusimamishwa mbele ya kadhi wala hakimu yeyote. Hapo, baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja mwenye kukimbia mbio ndefu alitujia na swali. Amepewa karatasi ya mapatano na wakala atakaye kumpeleka ng'ambo kushindana. Katika sharti zake liko moja ya kuwa asiseme neno kwa waandishi wa magazeti, wala mbele ya watu, juu ya fedha, wala juu ya walimu wake, wala juu ya wakubwa wa mchezo, wala juu ya mambo ya serikali, ila kwa idhini. Akauliza: je, yafaa atie sahihi? Na akisha kutia, kisha akaona dhulma kwa macho yake, je, amefungwa na sahihi ile?

Tulimjibu kwa ufupi, kwa kuwa gari ilikuwa yangoja. Lakini swali lile halikutuondoka, tukaona kwamba jawabu yake iliyo kamili ni maisha ya mtu. Wengi mngetaraji tumtaje ndugu yetu katika dini, Muhammad Ali, aliyekataa mwaka 1967 kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akavuliwa ubingwa wa ndondi, akanyimwa ruhusa ya kupigana, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Khabari zake ni mashuhuri. Lakini Ali, pamoja na mateso yote aliyoyapata, alikuwa na mahkama ya kukimbilia, na mahkama iliyo juu ya zote katika Marekani iliifuta hukumu ile mwaka 1971. Sisi tumemtafuta mtu ambaye hakuwa na mahkama, wala gazeti, wala mlango wa kutokea. Na huyo tumempata karibu, katika nchi ya jirani zetu wa Uganda. Jina lake ni John Akii-Bua.

Alizaliwa tarehe 3 Disemba 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa mkubwa wa wilaya katika utawala wa wakati ule, mwenye wake wengi na watoto zaidi ya 40, na mali yake ilikuwa ng'ombe. John alikulia machungani kama watoto wenzake. Mbio hazikuwa ngeni katika nyumba yao, kwani ndugu yake, Lawrence Ogwang, aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya Olimpiki ya mwaka 1956, katika kuruka. Baba yao alipofariki, John alikuwa bado kijana mdogo, na masomo yake hayakwenda mbali. Akafanya kazi za kujikimu, kisha akaenda Kampala akaingia katika kazi ya polisi.

Katika polisi ndipo alipoonekana. Alikuwako askari mwenzake mmoja, Jorem Ochana, bingwa wa mbio za viunzi, naye ndiye aliyemshika mkono mwanzo na kumfundisha. Kisha mwaka 1968 alikuja Uganda mwalimu wa mbio kutoka Uingereza, jina lake Malcolm Arnold. Huyu alimtoa katika mbio fupi za viunzi na kumtia katika mita 400. Wasiojua mbio hizi na wajue ya kuwa ni katika zilizo ngumu kabisa: mtu hukimbia mzunguko mzima wa uwanja kwa nguvu zake zote, na njiani ana viunzi 10 vya kuruka, na akikosa hatua moja tu amekwisha potea. Mwaka 1970 Akii-Bua alishindana Edinburgh katika mashindano ya nchi za Jumuiya ya Madola, akatoka wa nne. Hakuridhika. Alirudi akajifunza katika milima ya Kabale, akipanda na kushuka vilima, na kuruka viunzi hali amejifunga uzito mwilini, mpaka mwili wake ukazoea taabu.

Wakati alipokuwa akijifunza hivi, nchi yake ilikuwa imekwisha pinduka. Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin aliiangusha serikali ya Milton Obote. Na Obote alikuwa Mlango, kabila moja na Akii-Bua. Katika mwaka ule ule askari wengi wa Kilango na Kiacholi waliuawa katika makambi ya jeshi, kwa sababu ya kabila zao. Amin hakutawala kwa baraza la watu, bali kwa amri alizozitoa mwenyewe. Amri moja ilisimamisha siasa zote. Nyingine iliwapa askari uwezo wa kumkamata raia bila ya hati ya hakimu. Mwaka 1972 waziri alipewa uwezo wa kulifunga gazeti lolote. Hebu tazama, ewe msomaji: hakukuandikwa sheria yenye kusema kuwa mkimbiaji asinene. Haikuhitajika. Palipokuwa askari aweza kumchukua mtu mlangoni kwake na asiulizwe, kila mtu hujitungia sheria mwenyewe ya kuufunga ulimi wake, na sheria hiyo ni kali kuliko zile zipigwazo chapa.

Hali hii ndiyo aliyoiacha nyuma alipokwenda Munich, Ujerumani, kwa mashindano ya Olimpiki ya mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti ya mwaka ule Amin alikuwa amekwisha tangaza ya kuwa Wahindi waondoke Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Basi Waganda walipoingia uwanjani na bendera yao, dunia ilikuwa ikiwatazama kwa jicho la kuuliza.

Tarehe 2 Septemba 1972 ilikuwa siku ya fainali. Akii-Bua alipangiwa mstari wa kwanza, ulio ndani kabisa, ambao kona zake ni kali na wakimbiaji huuchukia. Mbele yake walikuwako David Hemery, Mwingereza, aliyeshinda Mexico mwaka 1968 na kuweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann, Mmarekani. Hemery alitoka kwa kasi. Akii-Bua akamfuata, akamfikia katika kona ya mwisho, akampita, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hapana mtu kabla yake aliyepata kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alikuwa wa pili, na Hemery wa tatu. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Uganda katika Olimpiki, na ilipita miaka 40 kabla ya Stephen Kiprotich kuwapatia ya pili, London, mwaka 2012. Furaha ilimshinda, akauzunguka uwanja akiruka viunzi ambavyo havikuwako, na watu wakimshangilia.

Siku 3 baadaye, tarehe 5 Septemba, Wapalestina wenye silaha waliingia katika makao ya wachezaji wakawashika wachezaji na walimu wa Israeli. Na mwisho wa jambo lile Waisraeli 11 waliuawa. Amin akapeleka simu kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya kuyasifu mauaji yale. Tafakari basi hali ya Akii-Bua. Yeye alikuwa ameishi katika mtaa mmoja na wale waliouawa na kula nao katika makao yale yale, na mkuu wa nchi yake, ambaye yeye ni askari wake, asema maneno yale kwa jina la Uganda. Kulia hadharani ni khatari, na kunyamaza ni kama kukubali.

Na katika uwanja ule ule, tarehe 7 Septemba, lilitokea jambo jingine lipasalo kukumbukwa katika mlango huu. Wamarekani wawili weusi, Vincent Matthews na Wayne Collett, walikuwa wa kwanza na wa pili katika mita 400. Walipopandishwa juu kupewa medali na wimbo wa taifa lao ukapigwa, hawakusimama kwa heshima iliyotakiwa, bali walisimama ovyo na kuzungumza. Hawakutukana mtu, wala hawakubeba bango. Wakubwa wa Olimpiki wakawapiga marufuku wasishindane tena katika Olimpiki maishani mwao. Kwa sababu hiyo Marekani haikuweza kutimiza watu wake katika mbio za kupokezana za mita 400 mara nne, na waliozishinda walikuwa vijana wa Kenya: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Miaka 4 kabla ya hapo, mjini Mexico, tarehe 16 Oktoba 1968, Tommie Smith na John Carlos walifukuzwa katika timu yao kwa kuinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi. Kwa hiyo mchezaji wa zama zile alikuwa baina ya kuta mbili: nyuma yake sheria ya nchi yake, na mbele yake sharti za mchezo wenyewe, ambazo hazikupitishwa na bunge lolote lakini zaweza kumkata mtu na riziki yake.

Akii-Bua alirudi Kampala akapokewa kama mfalme. Amin akampandisha cheo katika polisi, akampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Mwezi wa Januari 1973 alishinda tena katika mashindano ya Afrika nzima yaliyofanywa Lagos. Lakini siku zile zile alipokuwa akisifiwa, tarehe 21 Septemba 1972, Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na askari kutoka katika mahkama yake mwenyewe, mchana, wala hakuonekana tena. Ikiwa jaji mkuu ametolewa katika kiti cha hukumu, mkimbiaji atamshitakia nani?

Hapa ndipo penye kiini cha khabari yetu. Watu wa nje walipolalamika kuwa Walango wanauawa, utawala wa Amin ulikuwa na jawabu tayari: mtazameni Akii-Bua, huyu ni Mlango, na ana cheo, na ana nyumba, na jina lake li barabarani. Basi mtu yule hakunyimwa kusema tu. Kunyamaza kwake kuligeuzwa kuwa ushahidi. Kila aliposhinda na kupigwa picha akicheka, picha ile ilitumika kuwakadhibisha wajane wa kabila lake. Nasi tuliosoma vyuoni twajua ya kuwa shahidi ana sharti zake, na ushahidi wa kulazimishwa si ushahidi. Huyu alifanywa shahidi bila ya kuulizwa, na kama angeukana ushahidi ule angewatia khatarini nafsi yake, na mke wake, na watoto wake. Hatuwezi kumlaumu kwa kunyamaza. Mwenye kulazimishwa hahukumiwi kama mwenye hiari, na jambo hili ni msingi katika sharia yetu, haukhitilafiwi. Lawama ni ya yule aliyemlazimisha.

Na hapa hatuna budi kusema neno litakalowachoma baadhi ya ndugu zetu. Amin alikuwa mwenzetu katika dini. Wako miongoni mwetu, huku pwani na kwingineko, waliomsifu kwa sababu hiyo, na kwa sababu aliitia Uganda katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974. Na waliposikia khabari za mauaji wakasema ni uzushi wa makafiri. Huku ndiko kujidanganya. Dhulma haigeuki kuwa uadilifu kwa kuwa aifanyaye anasali safu moja nasi. Uislamu uliteremshwa kumzuia dhalimu mkono wake, si kumfunika. Akii-Bua hakuwa Mwislamu, lakini haki yake juu yetu ni haki ya jirani, na ya mja wa Mwenyezi Mungu, na mwenye kudhulumiwa hakuna pazia baina ya dua yake na Mola wake, awe wa dini gani. Sisi wenye kuitaka islahi tukiwa twaanza kuwatengeneza watu wengine kabla ya kuitengeneza mizani yetu wenyewe, basi kazi yetu ni bure.

Turudi katika maisha yake. Olimpiki ya mwaka 1976 ilifanywa Montreal, Kanada. Mwaka ule timu ya New Zealand ya mpira wa rugby ilikwenda Afrika ya Kusini, hali damu ya watoto wa Soweto ilikuwa bado haijakauka. Nchi zaidi ya 20, nyingi zao za Afrika, zikajitoa katika mashindano kwa kuwa New Zealand haikuzuiwa kushiriki. Uganda ilikuwa moja yao, na Kenya na Tanzania pia. Sababu ya kujitoa ilikuwa ya haki, nasi hatuikatai. Lakini wakimbiaji hawakuulizwa. Waliojifunza miaka 4 waliambiwa wafunge mizigo yao. Tarehe 25 Julai Mmarekani Edwin Moses alishinda mbio za Akii-Bua, na kwa sekunde 47.64 akaivunja rekodi yake, naye Akii-Bua hayuko uwanjani kuitetea. Utaona basi jambo la ajabu: mchezaji huambiwa asiingize siasa katika mchezo, na wale wale wamwambiao hivyo huuingiza mchezo wake katika siasa watakapo. Mlango ule ni wa upande mmoja, wafunguka kwa serikali na kufungika kwa yeye.

Mambo ya Uganda yakazidi kuharibika. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na baada ya hapo mauaji ya Waacholi na Walango yakaongezeka. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, katika ardhi ya Tanzania. Watanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, wakapigana nao mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Ungalidhani kuwa siku ile ilikuwa ya faraja kwa Akii-Bua. Haikuwa. Miaka 7 ya kutumiwa jina ilikuwa imemwekea deni asilolikopa. Aliogopa kuwa watu watamwona ni mtu wa Amin, kwa vile cheo na nyumba vilitoka kwake. Akachukua jamaa zake akakimbilia Kenya. Na huku Kenya, bingwa yule wa dunia hakupokewa kama bingwa. Alikuwa mkimbizi miongoni mwa wakimbizi, akazuiliwa kambini. Yule ambaye barabara ya mji mkuu iliitwa kwa jina lake, jina lake sasa lilikuwa katika daftari la wakimbizi. Waliomtoa hawakuwa serikali yoyote wala wakubwa wa mchezo, bali ni watu wa Puma, kampuni ya viatu vya michezo ya Ujerumani, ambayo viatu vyake alikuwa akivivaa. Walimchukua wakampa kazi kwao.

Aliishi Ujerumani miaka michache. Mwaka 1980 alikimbia tena katika Olimpiki ya Moscow, akafika nusu fainali tu, kwani umri na taabu vilikuwa vimekwisha mla. Kisha akarudi Uganda, akafanya kazi ya polisi na ya kuwafundisha vijana mbio. Mke wake alitangulia mbele ya haki. Naye akafariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, umri wake miaka 47, akaacha watoto 11. Serikali ikamzika kwa heshima za taifa. Uwanja wa mji wa Lira una jina lake mpaka leo.

Na kuna jambo moja alilolifanya ambalo sisi twaliona ni kubwa kuliko medali yake. Aliandika. Katika daftari, kwa mkono wake, alieleza khabari za maisha yake na ya zama zile. Daftari zile zilidumu baada yake, na mwaka 2008 zikawa msingi wa filamu iliyotengenezwa Uingereza juu ya maisha yake. Ulimi uliofungwa miaka yote ile ulipata njia katika kalamu. Alikuwa amekwisha kufa watu walipomsikia, lakini walimsikia. Na hili ni funzo kwa kila mtu aliye katika dhiki: ikiwa huwezi kusema leo, iandike shahada yako, uiweke, wala usiiache ifie kifuani mwako.

Sasa na tutazame zama zetu. Je, mambo yamebadilika? Yamebadilika kwa sehemu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na ya Kenya ya mwaka 2010 zote zimethibitisha uhuru wa kusema. Ya Kenya, katika kifungu cha 33, imetaja na mipaka yake: uhuru ule haumruhusu mtu kuchochea vita, wala fujo, wala kueneza maneno ya chuki, na anayeutumia yampasa aheshimu haki na sifa ya wenzake. Mipaka hii ni mizuri, wala haipingani na dini yetu, ambayo imeharimisha kusingizia na kuvunja heshima za watu. Lakini mchezaji ana mipaka zaidi ya raia mwenziwe. Sharia za Olimpiki, katika kanuni ya 50, zakataza maonyesho ya siasa na ya dini na ya rangi katika viwanja vya mashindano. Mwaka 2021 kanuni hii ililegezwa kidogo: mchezaji aweza kudhihirisha rai yake kabla ya mashindano kuanza, kwa sharti asimdhuru wala kumkatiza mwenzake, lakini pale mahali pa kupokelea medali bado amekatazwa. Na mwaka 2016, mjini Rio, Mhabeshi Feyisa Lilesa, wa kabila la Oromo, alimaliza marathoni wa pili akiikutanisha mikono yake juu ya kichwa kwa ajili ya watu wake waliokuwa wakiuawa. Hakunyang'anywa medali, lakini hakuthubutu kurudi kwao mpaka mwaka 2018. Basi sharti za mchezo zilimsamehe. Hofu ya nchi yake haikumsamehe.

Tukusanye maneno yetu. Mipaka ya ulimi wa mchezaji ni ya namna tatu, na kila moja ina hukumu yake. Ya kwanza ni adabu ya uwanja, kuwa mashindano yasigeuzwe ugomvi. Na hii yafaa kufuatwa, kama afuatavyo mtu adabu ya nyumba aliyoalikwa. Ya pili ni siri za kazi, kama mapatano ya fedha na mipango ya mwalimu; na mwenye kuahidi kuzihifadhi yampasa atimize, kwani ahadi ni deni. Ya tatu ni kunyamaza juu ya dhulma: mtoto anayepigwa, binti anayevunjiwa heshima, mkimbiaji anayelishwa dawa zilizokatazwa, fedha za wanyonge zinazoliwa. Kunyamaza huku hakununuliki. Wanavyuoni wetu wamethibitisha ya kuwa Waislamu hufungwa na sharti walizokubaliana, ila sharti yenye kuhalalisha haramu au kuharimisha halali. Na sharti ya namna hiyo ni batili toka siku iliyoandikwa, hata ikiwa imetiwa sahihi mara 10.

Basi jawabu yetu kwa kijana wa Wang'uru ni hii. Asiitie sahihi karatasi asiyoielewa. Na atafute mwanasheria amsomee kila mstari kabla ya kushika kalamu. Atake sharti ile itengenezwe, iwe juu ya siri za kazi na adabu ya uwanja tu, na iandikwe wazi kuwa haimzuii kupeleka mashitaka polisi, wala mahkamani, wala kwa wenye kusimamia mchezo. Wakala mwema hatachukia neno hilo. Na akichukia, huko kuchukia kwake ni khabari tosha, imeokoa miaka ya kijana yule kabla haijapotea. Na aikumbuke tofauti yake na Akii-Bua: yule alinyamazishwa kwa bunduki, naye ana udhuru, huyu ataka kunyamazishwa kwa kalamu, na kalamu iko mkononi mwake.

Na sisi wengine tusiokimbia, tuna wajibu wetu. Tuwashangiliapo vijana wetu wanaporudi na medali, tusiwafanye picha za kupamba ukuta wa mkubwa yeyote. Tuwaulize hali zao, na watujibupo tuwasikilize, hata yakiwa ni machungu. Mtu ambaye twapenda miguu yake tu na hatutaki kusikia ulimi wake, hatujampenda.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kusema haki na wenye kuisikiliza, na atuepushe na kuwa wasaidizi wa dhalimu kwa neno au kwa kunyamaza. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.